Dar es Salaam kwa miguu: Ramani ya watalii inaishia pale yetu inapoanzia

Na Mwandishi Wetu

KWA wafanyabiashara wengi wanaotoka Burundi, Dar es Salaam ni sehemu tatu tu: stendi, Kariakoo na ofisi ya wakala wa forodha. Ukishuka basi unakimbilia mzigo, ukishapata mzigo unakimbilia basi. Mimi nimekwenda katika mji huo mara kumi na moja tangu 2014, na hadi Januari mwaka huu nilikuwa sijawahi kuitazama bahari yake kwa zaidi ya dakika tano.

Safari hiyo mzigo ulikwama. Wakala, ambaye sina haja ya kumtaja, aliniahidi kwamba karatasi zote zingekuwa tayari Jumatatu. Jumatatu akasema Jumatano. Mwenye kuifanya kazi hii anajua maana yake: kila usiku unaolala gesti unakula mtaji, na wateja wanaosubiri vitenge kule Buyenzi wanahamia kwa jirani.

Jumanne asubuhi, nikiwa sina la kufanya, niliketi ukutani karibu na kituo cha boti za Zanzibar. Yakaja mabasi madogo kutoka upande wa bandari na kushusha Wazungu, wengi wao wazee, wenye kofia pana na stika za namba kifuani. Walikuwa abiria wa meli ya kitalii iliyofunga gati alfajiri. Kila mmoja alishika karatasi yenye ramani ya mji. Hawakuwa na mtu wa kuwaongoza; walisoma ramani, wakatembea, na saa saba mchana walitakiwa wawe wamerudi kwenye mabasi yao.

Mama mmoja alinijia na kuniuliza njia ya kwenda soko la samaki. Nilimwelekeza kwa mkono bila kusita, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sijawahi kufika huko. Nikaona aibu nikamfuata kwa nyuma, nisije nikawa nimempoteza mtu mzima katika nchi ya watu. Alipofika salama alicheka sana nilipomweleza, akanipa karatasi ya mumewe.

Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Ina vituo sita na mstari mwekundu unaoviunganisha. Alhamisi, baada ya wakala kuniambia sasa ni Ijumaa, niliifuata njia hiyo upya, lakini nikaiongeza mwanzo na mwisho. Ndiyo njia ninayotaka kukupitisha leo, ndugu msomaji. Ni kilomita tano hadi sita, na haina kiingilio isipokuwa ukipenda kuingia Makumbusho.

Kibali cha kutembea

Kabla ya kuanza, niseme kwa nini jambo hili lilinigusa. Nilikulia kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu, tangu 1996 hadi kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012. Mliotoka Mtabila, Nyarugusu au Nduta mnaijua sheria ya kilomita nne: kuvuka hapo bila kibali lilikuwa kosa. Tuliijua Dar es Salaam kupitia redio, nyimbo na jezi za mpira. Kuitembea ilikuwa ndoto.

Mjomba wangu, sisi tunamwita marume, alivuka bila kibali mwaka 1999. Alifika Dar es Salaam akasukuma mkokoteni Kariakoo kwa miaka miwili, kisha akakamatwa, akakaa gerezani miezi kadhaa na kurudishwa kambini. Kwa hiyo nilipowaona wazee wale wakitembea mji mzima kwa karatasi moja tu mkononi, nilijiuliza mimi kinanizuia nini sasa. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na pasi yangu ina muhuri. Nilikuwa na kibali na nilikuwa sijakitumia.

Anzia stesheni

Watalii huanzia kwenye kanisa. Sisi tuanzie stesheni ya zamani ya reli, kwa sababu ndiko habari yetu inakoanzia. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Siku hizo Burundi na Rwanda zilikuwa sehemu ya koloni hilohilo la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na makao makuu yake tangu 1891 yalikuwa Dar es Salaam. Maana yake, hadi Vita Kuu ya Kwanza mji huu tunaouingia kama wageni ulikuwa mji mkuu wetu pia, ingawa hakuna babu yetu aliyeulizwa.

Ukisimama hapo ikumbuke na meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku na kushushwa katika bandari hii, kisha ikapelekwa bara na kuungwa tena Kigoma. Wajerumani waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Mei 2015, wenzetu walipokuwa wamekwama kijijini Kagunga kwenye ukingo wa ziwa, ni meli hiyohiyo iliyowabeba hadi Kigoma. Masanduku yake yalipita hapo ulipokanyaga.

Si mbali na hapo kuna stesheni mpya ya reli ya SGR, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria mwaka 2024, kwanza hadi Morogoro na baadaye hadi Dodoma. Wasafiri wenye masanduku ya magurudumu wanapita mbio bila kuitazama ile ya zamani.

Boma, daktari na makanisa mawili

Kutoka stesheni fuata barabara ya Sokoine, bahari ikiwa mkono wa kulia. Baada ya mwendo mfupi utaliona Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe lenye mlango wa kuchonga. Lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, wakati Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa akianzisha mji wake kando ya kijiji cha Mzizima. Hapo ndipo wageni wake walipofikia. Sultani alifariki 1870 kabla mji haujachangamka, na mrithi wake hakuushughulikia sana. Lilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2017 kama kituo cha urithi wa majengo ya mji.

Hatua chache mbele iko Nyumba ya Atiman, nayo ya zama za Majid, ambayo baadaye ilichukuliwa na mapadri wa White Fathers. Karatasi ya watalii haikuitaja, lakini watu wa ziwa Tanganyika hatupaswi kuipita kimya. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akaibwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Alitibu watu Karema, kando ya ziwa letu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa akawa daktari, na jina lake liko ukutani katika mji mkubwa kama huu.

Kisha yanafuata makanisa mawili ambayo kila mtalii huyapiga picha. La kwanza ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. La pili ni la Walutheri la Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu, ambalo ujenzi wake ulianza 1898. Yote mawili ni kazi ya wamisionari Wajerumani. Ukiingia vua kofia, kaa kidogo upate ubaridi, maana mbele jua ni kali.

Faranga moja kwa mwaka

Baada ya Azania Front unaingia Kivukoni. Upande mmoja ni majengo ya serikali, upande mwingine ni maji. Hapo niliketi chini ya mti, nikanunua dafu, nikatazama makontena yaliyopangwa bandarini upande wa kulia. Moja kati ya yale lilikuwa na vitenge vyangu.

Watu wachache wanajua kwamba ukingo wa bandari hii uliwahi kuandikwa kwa jina letu, ama tuseme kwa jina la waliotutawala. Baada ya vita Ubelgiji ilipewa Burundi na Rwanda, nchi zisizo na bahari, juu ya Kongo iliyokuwa nayo tayari. Machi 1921, mjini London, Uingereza ilikubali kuwapa Wabelgiji maeneo mawili, moja katika bandari ya Dar es Salaam na jingine Kigoma, ili mizigo ya makoloni yao ipite bila kutozwa ushuru wa forodha. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na mkataba ulikuwa wa milele. Maeneo hayo yaliitwa Belbase.

Tanganyika ilipopata uhuru mwishoni mwa 1961, Mwalimu Nyerere aliukataa umilele huo. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwingereza alikaa Tanganyika kwa dhamana ya muda tu, kwa hiyo hakuwa na haki ya kumgawia mtu ardhi ya nchi hiyo milele. Hata hivyo, alikuwa tayari kuzungumza upya kuhusu njia ya mizigo ya majirani.

Niliposoma habari hiyo miaka ya nyuma niliiona kama ugomvi wa mabwana wawili. Pale Kivukoni, nikiwa na karatasi zilizokwama, niliiona kwa jicho jingine. Mwalimu alikuwa na haki, kwani ardhi ya mtu haiwezi kuuzwa na mpangaji. Lakini nchi isiyo na pwani siku zote husimama mlangoni kwa mwenzake na kubisha hodi. Faranga ile moja hawakuilipa babu zetu, wala babu zao Watanganyika hawakuipokea. Sasa hodi tunabisha wenyewe, na anayeitikia ni jirani. Ndiyo sababu tunaruhusiwa kuwa na subira na pia kudai haki: kama mzigo umelipiwa, utoke.

Ukiendelea mbele utafika Feri, kunakopandwa pantoni la kwenda Kigamboni. Jirani yake ni soko la samaki, lililojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fika kabla ya saa tatu asubuhi ukute mnada. Changu, kolekole, pweza na ngisi vinamwagwa mezani, dalali anapaza sauti, na bei hupanda kabla hujaelewa kinachouzwa. Nilikula pweza wa kuchemsha kwa pilipili, nikiwa nimesimama. Mtu aliyezoea mukeke na ndagala atakubali kwamba bahari nayo imejaliwa.

Sanamu ya askari

Mbele ya Feri kuna Ikulu. Hapo hakuna kuzurura wala kupiga picha, kwa hiyo nilirudi nyuma kidogo na kupanda kwa mtaa wa Shaaban Robert hadi Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 1940. Humo utakuta habari za fuvu la kale lililopatikana Olduvai mwaka 1959, pamoja na magari ya viongozi wa zamani. Karibu yake ni bustani ya mimea ya tangu enzi za Wajerumani. Tausi wanatembea humo kama wenye nyumba.

Ukishika barabara ya Samora kurudi katikati ya mji, unakutana na Sanamu ya Askari. Ni ya shaba, ilizinduliwa 1927, na mtutu wa bunduki yake yenye singe umeelekea bandarini. Kabla yake, mahali hapo palisimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, iliyoondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Maandishi ya chini, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, yanawakumbuka askari Waafrika wa vita ile pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi.

Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Upande wa Wabelgiji pia, jeshi lililotoka Kongo likapita kwetu na kuiteka Tabora Septemba 1916 lilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Nimesikia wazee wa Makamba wakisimulia kuhusu waliochukuliwa bila kurudi.

Mstari mwekundu wa ramani unaishia hapo. Mabasi ya watalii huwachukua karibu na sanamu na kuwarudisha melini. Lakini karatasi haisemi wapagazi hao walilala wapi. Walilala kilomita kama moja na nusu kutoka hapo, na sisi tunapajua vizuri kuliko wao.

Hadi Kariakoo

Endelea na Samora hadi Mnara wa Saa, uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Shika barabara ya Uhuru, pita viwanja vya Mnazi Mmoja. Mtaa unaopakana navyo ni wa Lumumba, wenye jina la Patrice Lumumba wa Kongo. Hapo ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Vuka kwa uangalifu, pikipiki hazina huruma.

Sasa umefika. Waingereza waliweka kambi ya wapagazi wao kwenye uwanja huu. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya watu wa Pwani ikalilainisha jina likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu ileile. Kwa zaidi ya miaka mia moja mahali hapa pameitwa kwa jina la watu wanaobeba mizigo, na hadi leo wanabeba.

Jengo la soko, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975. Liliungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa moja ya jirani iliporomoka na kuua watu zaidi ya 20, wengine wakiwa wafanyabiashara waliokuwa kazini mwao. Sisi wa Bujumbura hatuhitaji kusimuliwa msiba wa soko. Januari 2013 soko kuu letu liliteketea siku moja, na mikopo ya watu ikabaki hai. Nilisimama kidogo, nikawaombea wa kwao na wa kwetu.

Katika Mtaa wa Kongo kijana mmoja alinipigia kelele, "Pisha, bosi, mzigo!" Alikuwa na mkokoteni uliojaa robota kupita kichwa chake. Nilipisha, halafu nikamsaidia kusukuma hadi alipovuka shimo. "Unatoka wapi, kaka?" akauliza. Nikamwambia Burundi. "Warundi wateja wangu wakubwa," akasema akiwa tayari ameondoka.

Kwa atakayetaka kutembea

Anza saa moja asubuhi, ukimaliza Feri jua halijachacha. Ukitoka stendi ya Mbezi, mabasi ya mwendokasi yanafika hadi Kivukoni na Gerezani, kwa hiyo huna haja ya teksi. Acha pesa za mzigo mahali salama. Tembea na za chakula tu. Usipige picha bandarini, Ikulu wala kwenye pantoni.

Beba pasi yako yenye muhuri. Kumbuka pia kwamba Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogo nchini humo, ikiwamo kuuza rejareja na kuongoza watalii. Kununua jumla na kusafirisha ni jambo jingine, lakini usishawishike kuuza hata kitenge kimoja barabarani ili upate nauli. Kutembea, kwa bahati nzuri, hakumo kwenye orodha hiyo.

Nilimpigia simu marume nikiwa bado katika Mtaa wa Kongo. Sasa anaishi Nyanza-Lac, ana miaka sitini na mitano, na magoti yanamsumbua.

"Umekwenda kuchukua mzigo?" akauliza.

"Hapana, mzigo bado. Leo natembea tu."

Akanyamaza. "Unatembea tu. Hakuna aliyekuuliza karatasi?"

"Hakuna, marume."

"Na bahari umeiona?"

Nikamweleza Kivukoni, pantoni, soko la samaki, na makontena. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka yote hakuwahi kulitamka. Ile miaka miwili ya mkokoteni hakuwahi kuiona bahari. Aliambiwa polisi wengi wako upande wa mjini, kwa hiyo alikuwa anatoka Kariakoo kwenda kulala Buguruni, na asubuhi anarudi Kariakoo. Usiku mmoja mmoja aliisikia honi ya meli.

Mzigo wangu haukutoka Ijumaa, ulitoka Jumamosi jioni. Nilipoteza siku tano na faida ya robota mbili. Safari ijayo, mwezi wa saba, marume atakuja nami. Ameshauliza kama pale Kivukoni kuna mahali pa kukaa, kwa sababu hawezi kusimama muda mrefu. Nimemwambia papo, chini ya miti, na madafu yanauzwa hapohapo.